Taa ya rasi imebadilika: onyo humfikiaje baharia, na kwa nini humpita?

Swali: Mimi ni afisa wa pili katika meli ndogo ya mizigo. Usiku mmoja tulikuwa tunakaribia bandari ambayo hatukuwa tumeingia kwa miezi mitatu. Ramani yetu ilionyesha taa ya rasi yenye mimweko miwili kila sekunde 10, lakini tuliyoiona ilitoa mmweko mmoja kila sekunde 5. Nahodha aligeuza meli, tukarudi kwenye kina kirefu na kusubiri mapambazuko. Asubuhi wakala alituambia kwamba taa ile ilibadilishwa siku 19 nyuma na kwamba onyo lilikwishatolewa. Hakuna aliyeliona kati yetu. Naomba kueleweshwa jinsi habari za taa zilizobadilika na hatari mpya zinavyotakiwa kufika melini, zilitupitia wapi, na tufanye nini zisitupite tena.

Jibu: Ndugu Afisa,

Nianze na nahodha wako. Alipoona taa isiyolingana na ramani, hakujaribu kuilazimisha ilingane. Aligeuza chombo akarudi mahali ambapo kina chake hakikuwa na shaka. Jambo hilo ni gumu kuliko linavyosikika, kwa sababu mtu anayekaribia bandari usiku huwa na picha tayari kichwani, na kila kinachomulika mbele yake hukitafutia nafasi ndani ya picha hiyo. Nimewahi kushika zamu na mwenzangu aliyehesabu mimweko mitatu mahali palipokuwa na miwili tu, naye hakuwa mwongo hata kidogo. Ramani ilimwambia atarajie mitatu, na macho yakamtii.

Sasa swali lenyewe. Habari za taa iliyobadilika, boya lililohama au chombo kilichozama humfikia baharia kwa njia mbili zenye mwendo tofauti. Njia ya haraka ni maonyo ya redio, ambayo yanaweza kuwa hewani saa chache baada ya mamlaka kupata taarifa. Njia ya polepole ni Ilani kwa Mabaharia, yaani yale matoleo ya ofisi za hidrografia (zile zinazopima bahari na kutoa ramani zake) ambayo hutumika kurekebisha ramani na vitabu vya melini. Ya kwanza hukuambia kilichotokea leo, ya pili huifanya ramani yako iseme vivyo hivyo, na katikati yake kuna pengo la siku kadhaa au majuma kadhaa ambalo huzibwa na penseli ya afisa anayetunza ramani. Kwa maelezo uliyonipa, naamini siku zenu 19 ziliangukia ndani ya pengo hilo. Lakini onyo la redio nalo lilipaswa kuwafikia mlipokuwa mnaikaribia pwani ile, kwa hiyo tuanzie huko.

Bahari zote za dunia zimegawanywa katika maeneo ya maonyo yanayoitwa NAVAREA, chini ya mpango wa pamoja wa Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, na Shirika la Kimataifa la Hidrografia, IHO. Mwanzoni yalikuwa maeneo 16. Baadaye yaliongezwa matano ya bahari ya Aktiki, na sasa ni 21, kila moja likiwa na nchi inayoratibu. Mratibu hutangaza kwa setilaiti yale tu yanayomhusu msafiri wa bahari kuu: taa kubwa za kutambulia nchi kavu zikizimika, mabaki yaliyo katika njia kuu za meli, mazoezi ya kurusha makombora, meli zinazotandaza nyaya chini ya bahari, na mengine ya uzito huo. Chini yake kuna maonyo ya pwani, yanayohusu ukanda wa karibu na nchi kavu. Chini zaidi kuna maonyo ya mahali, ambayo hutolewa kwa redio ya VHF na bandari au walinzi wa pwani, na aghalabu hayaendi mbali na lango la bandari.

Ngazi hizi tatu zina maana kubwa katika kisa chako. Taa ya rasi inayoongoza vyombo kuingia katika bandari moja yaweza isifike kabisa kwenye ngazi ya juu. Ukiwa na kipokezi cha setilaiti peke yake, ukaridhika kwamba umesoma maonyo yote ya eneo, bado utakuwa hujasoma lile linalokuhusu, kwa kuwa lilitolewa kama onyo la pwani au la mahali.

Maonyo ya pwani hupokewa zaidi kwa NAVTEX, mfumo wa redio ambao kipokezi chake melini huchapisha maonyo kwa maandishi. Kituo hutuma maandishi kwa masafa ya 518 kHz kwa Kiingereza, na baadhi ya nchi hutuma pia kwa lugha zao kwenye 490 kHz. Ujumbe hufika takriban maili 250 hadi 400 za baharini kutoka kwenye mtambo. Kwa hiyo meli iliyo maili 700 mbali haiwezi kujua habari za rasi yenu mpaka isogee. Chukua karatasi moja ya kipokezi uitazame kwa karibu. Mstari wa kwanza una herufi ZCZC, alama ya kuanza, kisha labda GA37. G ni kituo kinachotuma. A ni aina ya ujumbe, nayo inamaanisha onyo la usafiri. Namba 37 ni mfululizo wa ujumbe huo kwa kituo hicho. Chini kabisa utaona NNNN, mwisho wa ujumbe; isipokuwepo, ujue habari imekatika njiani.

Kila herufi ya kituo, kuanzia A hadi X, ina dakika zake 10 katika mzunguko wa saa nne. Kituo cha G huanza saa 0100 kwa UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia, halafu 0500, 0900, na kuendelea hivyo usiku na mchana. (Saa hizi ziandikwe kwa tarakimu nne kama zilivyo, nimeona vurugu kubwa ikizuka kwa sababu mtu mmoja alizigeuza kuwa saa za kusema, na aliyempokea zamu akazigeuza mara ya pili.) Ukijua ratiba, unajua pia wakati ambao ukimya wa kipokezi si wa kawaida.

Kipokezi hakikubali kuzima ujumbe wa aina A, wala B ya maonyo ya hali ya hewa, wala D ya utafutaji na uokoaji, wala L ya maonyo ya ziada ya usafiri. Kinakubali, hata hivyo, kuchaguliwa vituo vya kusikiliza, na hapo ndipo ningeanza kuchunguza kama ningekuwa katika meli yenu. Meli inayozunguka pwani moja kwa miezi mitatu huchaguliwa vituo vya pwani hiyo ili karatasi zisijae habari za mbali. Siku inapobadili njia, kila mtu anakumbuka mafuta, maji, nyaraka na rubani, na hakuna anayekumbuka kwamba kituo cha pwani mpya kimefungiwa mlango. Kipokezi kinawaka taa yake ya kijani kama kawaida, na kila apitaye mbele yake huona kinafanya kazi.

Kuna mtego wa pili usiojulikana sana. Kipokezi hukumbuka namba za ujumbe uliopokewa vizuri, na kwa muda wa kati ya saa 60 na 72 hakiuchapishi tena, ili kisirudie yaleyale kila baada ya saa nne. Hilo ni jema, ila lina gharama yake: karatasi ikichanwa na kutupwa kabla haijasomwa, usitegemee kwamba ujumbe utatoka tena katika mzunguko ujao. Katika meli moja niliyofanya kazi ujanani, mpishi alikuwa akiombwa kusafisha chumba cha usukani kabla ya kuingia bandarini, naye alikuwa mtu safi kwelikweli. Ilituchukua safari mbili kugundua maonyo yetu yalikuwa yakienda wapi.

Jambo la tatu katika njia hii ya haraka linawagusa ninyi mliokaa mbali muda mrefu. Onyo hudumu mpaka lifutwe, lakini kutangazwa kwake ni habari nyingine. Likishachapishwa katika Ilani kwa Mabaharia au njia nyingine rasmi, mratibu anaweza kuacha kulitangaza baada ya majuma sita. Msipokuwepo ndani ya majuma hayo sita, na ilani haikuletwa melini, mnaingia mkidhani bahari iko kimya. Ndiyo sababu waratibu hutoa, angalau mara moja kwa juma, orodha ya namba za maonyo ambayo bado yanatumika. Afisa aliyezoea kazi hii haanzi na maonyo yenyewe. Anaanza na orodha, anaweka alama kwenye namba alizo nazo, kisha anatafuta zile anazozikosa.

Tuje kwenye njia ya polepole. Ofisi kubwa za hidrografia, kama ile ya Uingereza, hutoa toleo la ilani kila juma. Ilani za kudumu huingizwa kwenye ramani ya karatasi kwa wino wa zambarau, na namba yake huandikwa kwenye kona ya chini kushoto. Kila ilani hutaja namba ya sahihisho lililotangulia kwa ramani ile. Kama namba hiyo haimo kwenye kona, basi kuna ilani iliyoruka, na huna budi kuitafuta kabla ya kuendelea. Ilani za muda na ilani za awali, zinazotambulika kwa herufi T na P, huingizwa kwa penseli, kwa kuwa zitafutwa au zitabadilika. Taa inayofanyiwa matengenezo kwa miezi miwili itakuwa kwenye T. Njia ya kuingilia bandari itakayohamishwa mwezi ujao itakuwa kwenye P. Nimekutana na maafisa wanaoingiza za wino kwa uangalifu mkubwa na kuziweka za penseli kwenye faili, wakisema ni za muda tu. Hatari ya muda nayo hutoboa meli.

Zaidi ya ramani, kuna kitabu cha orodha ya taa, na hiki nakisisitiza kwa sababu wengi hukiacha rafuni. Ramani haina nafasi ya kueleza kila kitu kuhusu taa, na baadhi ya mabadiliko madogo huingia katika orodha bila kupata ilani ya ramani. Matoleo ya ilani huwa na sehemu ya kurekebisha orodha hiyo, na rekebisho hilo si la hiari. Usiku ule, kama orodha yenu ingekuwa imerekebishwa, kuitazama kwa dakika moja kabla ya kulikaribia lango kungeweza kuwapa jibu.

Huenda meli yenu inatumia ramani ya kielektroniki, nawe unajiuliza kwa nini haya ya penseli yakuhusu. Masahihisho ya kila juma ya ramani hizo huja yakiwa tayari, na ukishayapakia skrini hujirekebisha yenyewe. Lakini ilani za T na P hazimo zote katika masahihisho hayo, kwa kuwa kila nchi ina utaratibu wake, na onyo la NAVTEX lililopokewa saa nane za usiku halijipachiki lenyewe kwenye skrini ya ramani katika meli nyingi zilizopo leo. Ni lazima mtu akae, asome nafasi, na achore duara kwa mkono katika safu ya nyongeza za mtumiaji. Mabadiliko yanakuja: IMO imekwisharuhusu mifumo mipya ya ramani ya kiwango kiitwacho S-100 kuanzia Januari 1, 2026, na itakuwa lazima kwa mifumo itakayowekwa melini kuanzia Januari 1, 2029. Ndani yake kuna muundo wa S-124, unaowezesha maonyo ya usafiri kuonekana moja kwa moja juu ya ramani. Mpaka meli yako ipate mfumo huo na ujue kwa hakika unapokea nini, endelea kuchora.

Ningependa tukae kidogo kwenye taa yenyewe, maana katika maswali ninayoletewa watu huogopa taa iliyozimika kuliko iliyobadilika, nami naona ni kinyume. Taa iliyozimika hukupa giza, na giza humfanya baharia apunguze mwendo. Taa iliyobadilika hukupa jibu, tena jibu linaloweza kufanana na la taa nyingine. Iwapo upande wa pili wa ghuba palikuwa na taa yenye mmweko mmoja kila sekunde 5 tangu zamani, basi nahodha asiye makini angeweza kusadiki kwamba anaitazama hiyo, akachukua mwelekeo wake, akauchora kwenye ramani, na meli ikapanda mwamba huku mistari yote ikiwa imenyooka.

Kwa hiyo soma neno la onyo kama lilivyoandikwa. Kuambiwa kwamba taa imezimika maana yake nguzo ipo na taa inatarajiwa kurudi, labda usiku huohuo ukiwa katikati ya ghuba. Taa iliyoondolewa kabisa haitarudi. Ile iliyopungua nguvu ingali inamweka kwa mpangilio wake, ila utaiona umeshaikaribia mno. Boya lililotoweka ni afadhali kuliko boya lisilo mahali pake, kwa sababu lililohama lina rangi sahihi, umbo sahihi na mmweko sahihi, na linakuelekeza kwenye fungu la mchanga kwa heshima zote. Boya lolote limefungwa kwa mnyororo, na mnyororo hukatika. Nguzo iliyojengwa juu ya mwamba ndiyo ya kuchukulia mielekeo.

Kuhusu nguvu ya taa, kumbuka kwamba maili zilizoandikwa kwenye ramani kwa kawaida huhesabiwa kwa hewa yenye mwonekano wa maili 10, na hazijali upo juu kiasi gani. Mviringo wa dunia nao una hesabu yake: chukua kipeuo cha pili cha kimo cha taa kwa mita, ongeza kipeuo cha pili cha kimo cha jicho lako, kisha zidisha jumla hiyo kwa 2.08. Taa ya mita 25 na jicho la mita 9 hukupa 5 na 3, jumla 8, yaani maili 16 na ushei. Mkiwa na taa yenye uwezo wa maili 20, mtaiona ikichomoza kwenye upeo katika maili hizo 16. Onyo likisema uwezo umeshuka hadi maili 9, basi kwa mwendo wa maili 12 kwa saa taa itachelewa kuonekana zaidi ya nusu saa, na katika nusu saa hiyo afisa wa zamu ataanza kushuku dira, mkondo na akili yake mwenyewe.

Mnapoitambua taa, ipimeni. Tumia saa yenye mshale wa sekunde, anza kuhesabu mwanzo wa mmweko wa kwanza wa kundi hadi mwanzo wa kundi linalofuata, na urudie mara tatu. Bahari ikiwa na mawimbi makubwa, chombo kidogo huzama kwenye bonde la wimbi na mmweko mmoja ukapotea, ndipo taa ya miwili ikaonekana ya mmoja. Hili halikuwa tatizo lenu, kwa kuwa mlipata sekunde 5 kwa utulivu, lakini ni vema kuliondoa kwanza kabla ya kuituhumu ramani. Na kama taa ina kanda za rangi, yaani inaonekana kwa rangi tofauti kulingana na upande unaoitazama, kumbuka kwamba mielekeo yake katika orodha hutolewa kwa kutazama kutoka baharini kuelekea kwenye taa. Kanda ikihamishwa kwa nyuzi tatu tu, weupe wa jana unaweza kuwa wekundu wa leo juu ya mwamba uleule.

Usidhani taa hukosea mara chache kiasi cha kutostahili mashaka. Kiwango cha IALA, shirika la kimataifa la alama za kuongozea vyombo, kwa alama zenye umuhimu wa juu kabisa ni kuwepo kazini kwa asilimia 99.8, kikihesabiwa kwa miaka mitatu. Ni kiwango cha juu, na bado kinaacha takriban saa 52 za kutofanya kazi katika miaka hiyo. Alama za daraja la chini huruhusiwa hadi asilimia 97, yaani takriban siku 11 kwa mwaka.

Juu ya hatari mpya, kisa cha meli Tricolor hakipaswi kusahaulika. Desemba 14, 2002, meli hiyo iliyobeba karibu magari 3,000 iligongana na meli ya makontena Kariba katika Mlango wa Kiingereza, kati ya Uingereza na Ufaransa, ikazama na kulala ubavu katika kina cha takriban mita 30, mahali ambapo meli hupita usiku na mchana. Maonyo yakatangazwa. Siku mbili baadaye meli ndogo ya mizigo iitwayo Nicola ikayapanda mabaki yale. Ulinzi ukaongezwa, meli za doria zikawekwa, maboya yakatiwa majini, maonyo yakaendelea kusomwa kwa redio, na Januari 1, 2003 meli ya mafuta Vicky nayo ikayagonga. Kwa hiyo habari ilikuwepo hewani, juu ya maji na kwenye rada, na bado haikutosha kugeuza usukani. Baada ya hapo ndipo lilipobuniwa boya maalumu la dharura la kuonyesha mabaki mapya: mistari ya wima ya buluu na njano, na taa inayopokezana buluu na njano, kila rangi ikiwaka kwa sekunde moja na giza la nusu sekunde katikati. Ukiliona, pita mbali na usitafute maelezo yake kwenye ramani, kwa sababu liliwekwa kabla ramani haijapata habari. Siku hizi mamlaka zinaweza pia kuweka alama ya kielektroniki kwa AIS, mfumo wa redio wa kutambulisha vyombo, ambayo huonekana kwenye skrini ingawa majini hakuna kitu. Ni msaada mzuri, ila mtu aliyesimama roshani na darubini ataapa kwamba hakuna boya, naye atakuwa anasema kweli.

Mtakachofanya melini kinatoshea kwenye daftari moja. Kabla ya safari, chukueni orodha ya maonyo yanayotumika kwa maeneo yote mtakayopita, mpaka lango la bandari ya mwisho. Kila onyo lililo karibu na njia yenu lipewe duara la penseli kwenye ramani, na ndani yake namba ya onyo, ili anayeshika zamu usiku asome sababu bila kupekua faili. Lisiloihusu njia liandikwe daftarini kuwa limesomwa, pamoja na herufi za jina la msomaji. Onyo la kufuta likifika, duara lifutwe siku hiyohiyo, kwani ramani iliyojaa maduara yaliyokufa huwazoesha watu kuyapuuza yaliyo hai. Kipokezi cha NAVTEX kisizimwe bandarini. Mimi hutaka kipitie mizunguko mitatu kamili ya kituo cha huko kabla ya kung'oa nanga, na vituo vya pwani inayofuata viwe vimefunguliwa. Siku ya kuingia, iteni bandari kwa VHF mkiwa bado kwenye maji yenye nafasi, na muulize waziwazi kama kuna mabadiliko ya taa au maboya. Swali hilo huchukua nusu dakika, na kwa maonyo ya mahali hiyo yaweza kuwa njia pekee ya kuyapata mapema.

Umeniuliza yaliyopaswa kuwafikia. Nikuongezee yale mnayodaiwa ninyi. Sura ya tano ya SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, kanuni ya 31, inamtaka nahodha anayekutana na hatari ya moja kwa moja kwa usafiri kuwaarifu vyombo vilivyo karibu na mamlaka husika. Kwa VHF, mwito huanza na neno la Kifaransa Sécurité likitamkwa mara tatu, kisha ujumbe. Taarifa iwe na aina ya kitu, nafasi yake, na wakati kilipoonekana mara ya mwisho kwa UTC pamoja na tarehe. Andika ulichoona, usiandike ulichohitimisha: "taa haikuonekana kutoka maili 6, mwonekano ukiwa maili 10, saa 1840 hadi 1915" ina faida kuliko "taa imezimika", kwa sababu mamlaka itajua mara moja kama tatizo linaweza kuwa ukungu, kanda ya rangi au betri. Nafasi mliyoipata kwa GPS itajwe kwamba ni ya WGS84, yaani msingi wa kuhesabia nafasi unaotumiwa na GPS, hasa pale ambapo ramani yenu ni ya zamani na imechorwa kwa msingi mwingine.

Usiku ule mngeweza kuita bandari na kuripoti taa yenye mmweko mmoja kila sekunde 5, mkitaja mwelekeo na umbali. Wangewajibu kwamba ndivyo inavyotakiwa kuwa, nanyi mngeingia usiku uleule au mngesubiri alfajiri mkiwa mnajua mnachosubiri. Sasa fungueni orodha ya vituo kwenye kipokezi chenu, mtafute herufi ya kituo cha pwani ile, kisha mtazame kona ya ramani kuona ilani ya mwisho iliyoingizwa ni ya juma gani. Ukiniandikia hayo mawili, nitaweza kukwambia onyo lenu lilipotelea wapi bila kubahatisha.